Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga maandishi yasomeke kwa urahisi kwenye skrini na kwenye karatasi

Majibu haya ni kwa yeyote anayeandaa kitabu, ripoti, tovuti, barua au bango. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Misingi

1. Nianze na nini: fonti, ukubwa au rangi?

Anza na mambo matatu yanayotegemeana: ukubwa wa herufi, urefu wa mstari na nafasi kati ya mistari. Ukibadilisha kimoja, viwili vilivyobaki lazima uvitazame upya. Fonti nzuri kuliko zote haisomeki ikiwa mistari ni mirefu na imebanana, ilhali fonti ya kawaida iliyokuja na kompyuta yako inasomeka vizuri kabisa ikipangwa kwa vipimo sahihi. Watu wengi hupoteza muda mwingi wakitafuta fonti, na makosa yao yote yako kwenye vipimo.

2. Herufi ziwe na ukubwa gani?

Kwenye karatasi, matini ya kawaida huwa kati ya pointi 10 na 12. Pointi moja ni 1/72 ya inchi, yaani karibu milimita 0.35. Kitabu cha A5 hutosheka na pointi 10.5 au 11. Maelezo ya chini ya ukurasa yanaweza kushuka hadi pointi 8 au 9, lakini chini ya hapo unamlazimisha msomaji kukunja uso.

Kwenye tovuti, kipimo cha kuanzia ni pikseli 16, ambacho ndicho vivinjari hukitumia usipowaagiza vingine. Kwa makala ndefu, pikseli 18 hadi 20 hufaa zaidi kwa skrini za mezani, kwa sababu msomaji hukaa mbali nazo kuliko anavyokaa mbali na kitabu.

3. Kwa nini fonti mbili zenye pointi 12 zinaonekana moja kubwa na nyingine ndogo?

Kwa sababu pointi hazipimi herufi yenyewe. Zinapima kisanduku kinachoibeba herufi, kikiwa na nafasi ya juu kwa *l* na *b* na ya chini kwa *g* na *y*. Jicho linahukumu ukubwa kwa kimo cha herufi ndogo zisizo na mkia wala shina, kama *a*, *e* na *x*. Katika Verdana, kimo hicho ni zaidi ya nusu ya ukubwa uliotajwa. Katika Times New Roman ni kama asilimia 45. Hivyo Verdana ya pointi 10 huonekana kubwa sawa na Times ya pointi 12. Ukibadilisha fonti, usibaki na namba ileile. Chapa aya moja kwa fonti zote mbili, uziweke sambamba, kisha uamue kwa macho.

4. Mstari uwe mrefu kiasi gani?

Herufi 45 hadi 75 kwa mstari, ukihesabu na nafasi. Katikati ya hapo, karibu 66, ndipo penye raha kwa kitabu cha safu moja. Kwa safu za gazeti au kwenye simu, 35 hadi 50 zinakubalika.

Sababu yake ni safari ya jicho. Mstari ukiisha, jicho linarudi kushoto kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Mstari ukiwa mrefu mno, jicho linatua pabaya: msomaji anarudia mstari aliokwisha kuusoma, au anaruka mmoja. Ukiwa mfupi mno, jicho linarudi kila baada ya maneno mawili matatu na mwendo wa sentensi unakatika.

Kosa linaloonekana kila mahali ni ukurasa wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 na Times New Roman ya pointi 12. Mstari wake una upana wa milimita 160 na hubeba herufi 80 hadi 90. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, ongeza pambizo hadi kama sentimita 4 kila upande, au panga safu mbili. Ikiwa pambizo zimewekwa na taasisi na huwezi kuzigusa, ongeza nafasi kati ya mistari (swali la 5), kwa kuwa ndiyo inayolisaidia jicho kurudi mahali sahihi.

5. Nafasi kati ya mistari iwe ngapi?

Kwa karatasi, asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa wa herufi: herufi za pointi 11 kwenye mstari wa pointi 14, au za 10 kwenye mstari wa 13. Kwa skrini, anza na mara 1.5. Mistari mirefu, fonti zenye herufi ndogo za kimo kikubwa na maandishi meupe juu ya weusi vyote vinataka nafasi zaidi. Vichwa vikubwa vinataka pungufu, mara 1.1 hadi 1.25, la sivyo mistari miwili ya kichwa kimoja huonekana kama vichwa viwili.

Kuna mtego hapa. "1.5" ya Microsoft Word si sawa na "1.5" ya tovuti. Word huzidisha kimo cha mstari kilichomo ndani ya fonti, ambacho kwa Times New Roman tayari ni karibu mara 1.15 ya ukubwa wake. Kwa hiyo "1.5" ya Word ni takriban mara 1.7, mistari inayoelea bila kushikana. Ili kupata nafasi ya kitabu ndani ya Word, weka 1.15 hadi 1.2, au chagua "Exactly" uandike pointi unazotaka. Ukichagua "Exactly", kumbuka kwamba picha iliyo ndani ya mstari itakatwa.

## Kuchagua fonti

6. Fonti zenye serifu au zisizo na serifu?

Serifu ni vile vikia vidogo kwenye ncha za herufi. Ushauri wa zamani ulikuwa serifu kwa karatasi na zisizo na serifu kwa skrini, kwa sababu skrini za wakati huo zilikuwa na pikseli chache na vikia vilivurugika. Skrini za leo zinachora zote mbili kwa usafi, kwa hiyo kanuni hiyo haikufungi tena.

Angalia mambo mengine. Je, *I* kubwa, *l* ndogo na namba *1* zinatofautiana? Je, *rn* zikikaa pamoja zinafanana na *m*? Je, *c* na *e* zina uwazi wa kutosha? Mwisho, fonti ilitengenezwa kwa kazi gani? Times New Roman ilianza kutumika mwaka 1932 katika gazeti la *The Times* la London, ambako safu ni nyembamba na nafasi ni adimu. Ndiyo maana herufi zake zimebanwa. Georgia na Verdana zilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya skrini, na bado zinasomeka vizuri kwenye skrini hafifu.

7. Naweza kutumia fonti ngapi katika kazi moja?

Mbili zinatosha: moja ya matini, moja ya vichwa. Hata moja inatosha ikiwa ina uzito wa kawaida, mzito na italiki (herufi za mlalo). Ukitumia mbili, zitofautiane waziwazi. Fonti mbili zinazokaribiana huonekana kama kosa la kunakili na kubandika.

8. Kwa nini herufi nzito au italiki zangu zinaonekana zimevimba au zimepinda vibaya?

Kwa sababu faili halisi ya uzito huo haipo. Programu ikikosa herufi nzito, inanenepesha za kawaida kwa nguvu. Ikikosa italiki, inazilaza tu. Matokeo yake ni matundu ya *a* na *e* kuziba. Sakinisha faili zote nne: kawaida, italiki, nzito, na nzito ya italiki. Kwenye tovuti, hakikisha umepakia uzito wa 400 (kawaida) na wa 700 (nzito).

## Kingo, aya na maneno marefu

9. Nisawazishe maandishi pande zote mbili au niache ukingo wa kulia huru?

Kwa skrini, barua, ripoti na safu nyembamba: panga kushoto, acha ukingo wa kulia huru. Kwa kitabu chenye mistari ya herufi 60 na kuendelea, kusawazisha pande zote mbili kunafaa, kwa sharti kwamba maneno yanagawanywa mwishoni mwa mstari.

Sharti hilo ni zito zaidi kwa Kiswahili. Kitenzi kimoja chetu hubeba nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko, kama *tutakapowasilishiana* au *hawakutuandikia*. Neno la herufi 15 lisipoenea, programu hulisukuma mstari wa chini na kuyatawanya machache yaliyobaki ili yajaze upana. Hapo hutokea mapengo, na mapengo ya mistari kadhaa yakipangana wima, hufanya michirizi myeupe inayolivuta jicho kutoka kwenye maana. Katika safu ya herufi 40 bila ugawaji wa maneno, michirizi hiyo huwezi kuikwepa.

10. Neno la Kiswahili likatwe wapi mwishoni mwa mstari?

Baada ya irabu, mwishoni mwa silabi: *mwa-na-fu-nzi*, *nyu-mba*, *u-cha-pi-sha-ji*. Usitenganishe *ch, sh, ny, dh, gh, th, kh, ng', mb, nd, nj, nz*. Andika *nyu-* kisha *mba*, kamwe si *nyum-ba*. Katika maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zisizo za silabi moja, kata katikati yake: *dak-tari*, *mak-taba*, *ras-mi*. Usiache herufi moja peke yake upande wowote, hata kama ni silabi halali. *U-* mwishoni mwa mstari haimsaidii mtu. Neno lenye kistari tayari likatwe kwenye kistari hicho.

Tatizo kubwa ni lugha iliyowekwa kwenye programu. Faili ikiwa imetambulishwa kama Kiingereza, programu itakata kwa kanuni za Kiingereza na kukuletea *wan-afunzi*. Weka lugha ya matini kuwa Kiswahili kwanza. Programu isipokuwa na kanuni za Kiswahili, zima ugawaji wa kujiendesha na uweke kistari fiche pale tu panapohitajika: Ctrl na kistari katika Word, `­` katika HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti). Kistari fiche huonekana neno linapokatwa tu. Matini yakihama, kinatoweka. Ukiandika kistari cha kawaida badala yake, siku moja utakikuta katikati ya mstari, na tayari kimechapwa.

11. Nitenganishe aya kwa nafasi au kwa kujongeza mstari wa kwanza?

Chagua kimoja. Vitabu hujongeza mstari wa kwanza kwa upana sawa na ukubwa wa herufi au mara moja na nusu, na aya ya kwanza chini ya kichwa haijongezwi. Tovuti na barua huacha nafasi kati ya aya. Kufanya yote mawili kunavunjavunja ukurasa. Usijongeze kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara tano. Tumia mpangilio wa aya, ili ukibadilisha ukubwa kila kitu kifuate.

12. Vichwa vidogo vipangweje?

Kila ngazi izidi ya chini yake kwa kama mara 1.2 hadi 1.25, na ngazi tatu zinatosha. Muhimu zaidi ni nafasi: juu ya kichwa iwe karibu mara mbili ya ile ya chini yake, ili kionekane ni cha aya inayofuata. Kichwa kisibaki peke yake mwishoni mwa ukurasa, na mstari mmoja wa aya usiachwe yatima juu au chini ya ukurasa. Programu nyingi za kuandikia zina mpangilio wa kuzuia haya yote mawili.

13. Nisisitize kwa herufi nzito, italiki, herufi kubwa au kupiga mstari chini?

Italiki kwa msisitizo wa ndani ya sentensi na majina ya vitabu. Herufi nzito kwa neno ambalo msomaji atalitafuta akipitia ukurasa kwa haraka. Herufi kubwa tupu zifae vichwa vifupi tu, zikiongezewa nafasi kidogo kati yake. Aya nzima ya herufi kubwa husomeka polepole. Mstari wa chini uachie viungo vya tovuti: ulitokana na mashine za taipu, ambazo hazikuwa na italiki.

## Alama ndogo

14. Alama ya *ng'* iandikweje?

Iwe alama ileile katika kazi nzima. Kwa kazi ya kuchapwa, tumia ile iliyopinda kama tisa ndogo: *ng’ombe*. Katika Windows ni Alt+0146, katika Mac ni Option+Shift+]. Iliyonyooka haina kosa kwenye ujumbe wa kawaida. Zisizofaa kabisa ni ile alama ya mlazo iliyo karibu na namba 1 kwenye kibodi na ile ya mkazo (´) inayokaa juu ya herufi: zinaacha pengo baya, na mtu akitafuta *ng'ambo* ndani ya hati hapati kitu.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, tafuta kila umbo na ulibadilishe. Na kwa kuwa *ng'* tayari inatumia alama hii, nukuu zako ziwe na alama mbili (“ ”), la sivyo msomaji atadhani nukuu imefungwa katikati ya neno.

15. Kistari kifupi na kirefu vinatofautianaje?

Kifupi (-) huunganisha au hukata neno. Cha kati (–) huonyesha masafa: 1990–1995, kurasa 12–18, ni Alt+0150 katika Windows na Option na kistari katika Mac. Kirefu (—) hutenga maelezo ya pembeni ndani ya sentensi, ingawa mkato mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi.

16. Baada ya nukta niweke nafasi mbili?

Moja.

17. Nifanyeje namba isitengane na kipimo chake?

Weka nafasi isiyokatika: Ctrl+Shift+kitufe cha nafasi katika Word, Option+kitufe cha nafasi katika Mac, ` ` katika HTML. Itumie kati ya 12 na *cm*, *uk.* na 45, *Dkt.* na jina.

## Rangi

18. Maandishi ya kijivu yanapendeza. Kuna ubaya gani?

Yanapendeza kwa mbunifu mwenye skrini nzuri ndani ya chumba chenye kivuli. Kwenye simu juani hayaonekani. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka uwiano wa mwanga kati ya herufi na mandhari usipungue 4.5 kwa 1 kwa matini ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa herufi za pointi 18 au zaidi, au pointi 14 zikiwa nzito. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu `#767676` juu ya nyeupe kinapita kwa shida; `#777777` tayari kimeanguka. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kwa matini marefu, tumia `#333333` au nyeusi zaidi.

19. Na maandishi meupe juu ya mandhari meusi?

Nyeupe kamili juu ya nyeusi kamili huwafanya baadhi ya wasomaji waone herufi zikitoa mng'ao, hasa wenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayofanya vitu vionekane na ukungu). Punguza pande zote mbili, mfano `#E0E0E0` juu ya `#121212`, na ongeza kidogo nafasi kati ya mistari. Kwa karatasi hali ni tofauti. Tazama swali la 22.

## Skrini

20. Ukurasa wangu unasomeka kwenye kompyuta, lakini kwenye simu herufi ni kama mchanga. Kwa nini?

Mara nyingi tagi ya `viewport` haimo kwenye kichwa cha HTML. Bila hiyo, simu hujifanya ina upana wa karibu pikseli 980, kisha inaufinya ukurasa mzima uenee. Ongeza `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`, na usiweke kizuizi cha kukuza. Sehemu za kujazia fomu nazo ziwe na pikseli 16 au zaidi, kwa kuwa Safari ya iPhone hukuza ukurasa wenyewe mtu anapogusa kisanduku chenye herufi ndogo kuliko hapo.

21. Ni mipangilio gani ya CSS (maagizo ya mwonekano wa tovuti) inatosha kuanzia?

```
body { font-size: 1.125rem; line-height: 1.5; color: #222; }
article { max-width: 36rem; margin: 0 auto; padding: 0 1rem; }
```

Hii inatoa mistari ya herufi 65 hadi 70 kwenye skrini pana. Kipimo cha `rem` kinaheshimu ukubwa ambao msomaji amejichagulia kwenye kivinjari chake, pikseli zinaupuuza. Namba ya `line-height` iachwe bila kipimo, ili vichwa vikubwa vihesabu nafasi yao wenyewe badala ya kurithi ile ya matini na kupandiana. Weka pia `lang="sw"`, maana programu za kusomea wasioona huchagua matamshi kwa kuitazama.

## Chapa

22. Kwa nini herufi ndogo zimetoka kiwandani na kivuli cha rangi pembeni?

Nyeusi yako imeundwa kwa wino nne. Mashine huchapa kila wino kwa zamu, na karatasi ikisogea hata sehemu ndogo ya milimita, rangi nyingine huchungulia nyuma ya nyeusi. Matini yote yawe ya wino mweusi peke yake: K (alama ya wino mweusi) asilimia 100, nyingine sifuri. Nyeusi ya wino nne ifae maeneo makubwa tu.

Herufi nyeupe zilizoachwa ndani ya rangi zina shida inayofanana: wino husambaa na kuzila. Ziongeze pointi moja, zifanye nzito kiasi, na uepuke fonti zenye mistari myembamba.

23. Fonti zimebadilika nilipofungua faili kwenye kompyuta ya mpiga chapa.

Umempelekea faili ya kuhariri, naye hana fonti zako. Mpelekee PDF yenye fonti zilizopachikwa ndani. Katika Acrobat Reader, fungua sifa za hati, kichupo cha fonti, uone kama kila moja imepachikwa. Usigeuze kurasa za maandishi kuwa picha kukwepa tatizo hili: kingo za herufi zitakuwa na ukungu.

24. Pambizo ya ndani ya kitabu iwe ngapi?

Kwa A5 iliyogundishwa mgongoni, milimita 20 ndani na 15 nje ni mwanzo mzuri, na kwa pointi 11 unapata mistari ya herufi karibu 65 hadi 70. Kitabu kikiwa kinene, ongeza ya ndani, kwa sababu kurasa za katikati hazifunguki mpaka mwisho.

## Hali za pekee

25. Nifanyeje kwa wasomaji wenye uoni hafifu au disleksia (ugumu wa kusoma maandishi)?

Kwa uoni hafifu, pointi 16 hadi 18 kwenye karatasi isiyong'aa. Kwa disleksia, pointi 12 hadi 14, mistari mifupi, nafasi ya 1.5, ukingo wa kulia huru, bila italiki ndefu. Nafasi husaidia zaidi kuliko fonti maalumu zinazotangazwa kwa kazi hii.

26. Herufi za bango ziwe na ukubwa gani?

Kwa kila mita 3 za umbali, herufi kubwa iwe na kimo cha sentimita 2.5. Hiyo ni karibu pointi 100, si 72, kwa sababu herufi kubwa huchukua kama asilimia 70 tu ya ukubwa wa fonti (swali la 3). Kwa slaidi, usishuke chini ya pointi 24.

27. Namba za jedwali langu hazipangani. Kwa nini?

Katika fonti nyingine namba 1 ni nyembamba kuliko 8. Washa namba za upana sawa (`font-variant-numeric: tabular-nums` kwenye CSS), zipange kulia, na idadi ya tarakimu baada ya nukta iwe ileile katika safu nzima.

28. Nitajuaje kwamba kazi yangu inasomeka kweli?

Chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, bila "fit to page", kisha usome kwa umbali wa kawaida wa mkono. Kwa tovuti, fungua kwenye simu ya bei ndogo, nje, mchana, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Mpe mtu mwingine asome kwa sauti kurasa mbili, na uweke alama kila anaporudia mstari au kukwama. Akirudia mistari, rudi maswali ya 4 na 5; akikwama kwenye neno moja moja, rudi maswali ya 9 na 10.